Masikio Hayatarudi, na Nimefurahi

Kapsoit, Kericho
12 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Gekara,

Hujambo huko Voi? Joto limepungua? Magoti ya mkeo Mongina yanaendeleaje? Nakuuliza kwa barua kwa sababu kwa simu unajibu "Amina" hata nikitaka kujua umekula nini. Sisi ni wazima. Mvua inanyesha kila alasiri na majani ya chai yanakuja kwa wingi.

Kosa la wengi wetu tuliozeeka kwenye mashine za kusaga chai ni kudhani kwamba watu wameanza kunong'ona. Mimi nimelifanya miaka sita. Nililaumu vijana, nikalaumu redio, nikamlaumu hata mhubiri.

Watu walinifariji kwa upendo. Kanisani waliniambia, "Mzee Sagini, usikiri uziwi, kiri uponyaji." Mwanangu Duke akasema niwaze mazuri na mazuri yatakuja. Nikawaza mazuri kwa bidii sana, lakini masikio yangu hayakupata habari.

Mwezi wa nne nilienda kupimwa. Daktari, msichana mpole, aliniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: HAYATARUDI. Kisha akanieleza, nami nakueleza. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Ukikaa kwenye kelele miaka thelathini vinakufa, na vikifa havioti tena.

Nilitoka pale nikiwa mwepesi, Gekara. Kungoja kulikuwa kumeisha. Ukijua kwamba hayatarudi, unaanza kuuliza: basi tufanyeje? Baada ya wiki mbili nikawekewa vifaa vidogo nyuma ya masikio.

Asubuhi ya kwanza, jirani yetu Chepkurui alikuwa akichuma chai na wenzake ng'ambo ya ua. Nikamsikia: "Leo Mzee Ndiyo-Ndiyo amelala sana."

Nikamjibu, "Ameamka, na amesikia."

"Woi! Kumbe anasikia! Na vile tumemsema!" Akaficha uso nyuma ya kikapu, wenzake wakacheka mpaka wakaacha kuchuma. Hilo ndilo jina langu kijiji kizima, kwa kuwa nilijibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila nisichosikia, na hakuna aliyeniambia!

Halafu Kemuma wangu. Alinikaribisha chai kwa sauti ya chini, ile ile aliyokuwa nayo tulipooana. Nilidhani uzee umemfanya mkali. Alikuwa akipaza sauti tu ili nimsikie.

Sikudanganyi, vifaa hivi havirudishi ujana. Kwaya inasikika kama sufuria zinazoanguka. Lakini mtu akikaa mbele yangu na kuongea, nampata.

Mwanao Ogoti ameniambia kwamba siku hizi unakula peke yako, na umeacha kazi ya mzee wa kanisa ukisema watu wanakusengenya. Hawakusengenyi, ndugu yangu. Wanaongea tu, nawe husikii. Tulisimama kwenye mashine moja, mimi upande huu na wewe upande ule. Mongina naye anakosa mtu wa kuongea naye, na mume yuko pale pale nyumbani. Tuendelee kuomba, lakini tusimwombe Mungu atufiche ukweli.

Msalimie Mongina, Ogoti na wajukuu wote. Kemuma anawasalimu. Mungu awatunze, na nyumba yenu ijae maongezi.

Leo, ukimaliza kusoma hapa, mwambie Ogoti akupeleke kupimwa masikio.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Sagini