Pesa za Paa Zilivyomleta Malachy

Kilrush,
Jumapili, baada ya misa

Mpenzi Dada Assumpta,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko salama, na baridi ya huko Perth si kali sana. Sisi hatujambo. Mvua ni ileile uijuayo, ila haituingilii tena ndani.

Mama alikuwa amedunduliza euro elfu nane za kuezeka paa upya. Mwezi wa tatu aliniomba nimtumie fundi, maana yeye na mambo ya benki ya simuni hawapatani. Nikakosea tarakimu moja ya akaunti. Fundi alipopiga kuuliza mbona pesa hazijafika, ndipo nikagundua kosa langu. Mama hakunigombeza. Alisogeza tu ndoo pale panapovuja, akaniuliza kama nimekula. Afadhali angenitukana.

Benki walinieleza kwa upole kwamba hawawezi kuchukua fedha kwenye akaunti ya mtu bila ridhaa yake, wala kunitajia jina lake. Walikuwa wakimpigia, lakini kila mara alikata simu. Nikajua basi, zimeangukia kwa mwizi. Nikaanza kutafuta mtu wa kununua gari langu.

Kumbe mwizi mwenyewe ni mzee mgane wa Loughrea, mfuga nyuki, aitwaye Malachy Tuohy, naye alidhani wanaompigia ndio matapeli! Siku moja uvumilivu ukamwishia, akaenda benki kuwashtaki.

“Kuna watu wananisumbua eti nina pesa zisizo zangu,” akamfokea binti wa kaunta. “Mjinga gani amtumie Malachy pesa?”

Binti akamwonyesha akaunti yake. Mzee akaketi palepale, akaomba maji. Alitia saini zirudishwe siku hiyohiyo, akaacha namba yake ili nipewe, apate kuniomba radhi.

Nilipompigia kumshukuru, akasema radhi haiombwi kwa simu. Jumapili akaja, kavaa suti, kakumbatia mitungi ya asali. Mama akamfungulia mlango, akamtazama juu mpaka chini.

“Kwa hiyo ni wewe uliyenilaza na ndoo?”

“Ni mimi, bibie. Nimekuja kuimwaga.”

Na kweli akaenda akaimwaga! Mama alicheka hadi akashika ukuta. Tangu Baba afariki sikuwahi kumsikia akicheka vile.

Paa lilikamilika mwezi wa tano. Ndoo ikarudi stoo, lakini Malachy hakukosa Jumapili hata moja.

Sasa dada, keti kwanza. Mama anaolewa. Harusi ni Septemba, hapahapa parokiani. Ameniomba nikuandikie mimi kwa sababu anakuogopa. Anasema kwa simu utamkatiza kabla hajamaliza, na utadhani ametapeliwa. Sikufichi, mwanzoni mimi nami niliumia kwa ajili ya Baba, nikamwambia wazi. Akanishika mkono.

“Baba yenu nilimpenda, na bado nampenda,” akasema. “Lakini hayupo wa kuniambia kwamba chai yangu ni mbaya.”

Malachy humwambia hivyo kila Jumapili, kisha anaongeza kikombe cha tatu.

Mama anaomba wewe ndiye umshike mkono kumpeleka altareni. Njoo, dada. Wabusu watoto, mpe shemeji mkono wangu. Ninapofunga bahasha hii wao wawili wako jikoni wanagombania birika, na kelele zao ni tamu.

Mdogo wako akupendaye,
Nuala