Buti za Wakoli Zimerudi Kabatini

Endebess,
Kitale.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa dada Agneta,

Pokea salamu zetu sote kutoka Endebess. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho mara ya mwisho tulipoongea kimekuachilia. Baridi ya huko Leeds imeanza? Mama huniuliza kila siku kama unavaa sweta mbili, nami humjibu ndiyo, kwa hivyo tafadhali zivae nisiwe mwongo.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima ila magoti yanamsumbua asubuhi. Binti yetu Tabby ameng'oa jino la mbele na sasa anapiga mluzi kupitia pengo siku nzima mpaka kichwa kinaniuma. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mahindi yamekauka na tumeanza kuvuna, lakini mvua inatuchezea. Tunaanika mchana, jioni tunakimbizana na maturubai.

Labda unashangaa kuona karatasi siku hizi za simu. Simu yangu, dada, ni ya nyumba nzima. Ukinitumia ujumbe, Mama anamwita Tabby amsomee, na kabla ya chai kuchemka jirani ameshajua. Ivy, binti wa kaka yenu Khaemba, anakuja huko kusoma, nami nimemwomba akubebee hii mkononi. Kuna jambo linanikera mpaka silali vizuri na sitaki lisomwe kwa sauti.

Ni zile buti ulizomtumia ndugu yako Wakoli.

Kwanza asante. Nilishakushukuru na nakushukuru tena, maana ni wewe uliyetoka zamu ya hospitali na miguu imevimba, ukazunguka madukani na mchoro wa mguu wa mwanamume mzima kwenye mkoba. Hata wale wauzaji sijui walikufikiria nini. Sina neno kwa buti zenyewe. Neno langu ni juu ya mahali zilipo.

Unakumbuka tulivyohangaika kuzichagua. Mwaka jana Wakoli alipoanguka pale kwenye uwanja wa mbio za pikipiki wa Kemboi, alikuwa amevaa gambuti za mpira, zilezile anazovaa akienda kukamua. Pikipiki ilimlalia mguu wa kushoto na gambuti ikajikunja kama soksi. Kifundo kikavunjika mahali pawili. Daktari alimwekea vyuma, akaniita kando, akaniambia kifundo hicho kikivunjika tena, mume wangu atatembea na mkongojo maisha yake yote. Aliniambia mimi kwa sababu alimwona Wakoli anatazama dirishani kila pikipiki ikipita.

Nilijaribu kumzuia. Wewe pia ulijaribu. Mtu anashinda gereji kule Tuwan akifungua injini za watu, Jumamosi ikifika anataka kukimbiza yake matopeni, nani atamzuia? Basi nikasema, kama ni kukimbia akimbie, lakini mguu ufungwe ipasavyo.

Kila mtu akawa mtaalamu. Kaka yangu Muigai alileta buti za mjengo, za mafundi wa ujenzi, zenye chuma puani, ati hizo hata jiwe halizivunji. Ndugu yako akazijaribu, pua ikawa nene hivi kwamba haiwezi kuingia chini ya gia, na huko kwenye kifundo hakuna kitu cha kushika mguu. Halafu yeye mwenyewe akanunua buti za mitumba za jeshi, ndefu, za kamba. Kamba ikanaswa kwenye kikanyagio siku ya kwanza, akaanguka pikipiki ikiwa imesimama, watu wakicheka. Hapo ndipo wewe ulisema utatafuta huko.

Ulipotuma picha, yeye alitaka zile nyeupe fupi za zipu, za watu wa mbio za lami. Ni mimi niliyekataa. Nilikuwa nimeuosha ule mguu miezi mizima, nilijua panapouma. Nikasema zile nyeusi ndefu, zenye ubao mgumu wa plastiki mbele ya ugoko, pua ngumu lakini nyembamba, vifungo badala ya kamba, na pale kwenye kifundo pawe na bawaba ili mguu uweze kwenda mbele na nyuma lakini usipinde kando. Mama naye akasema ununue namba moja zaidi, kama alivyowanunulia nyinyi wote mkiwa watoto. Nikamwambia, Mama, mtoto huyu ana ndevu, haongezeki tena, na buti ikipwaya mguu unavunjikia humo ndani. Alininunia siku hiyo yote. Mwishowe nikamsimamisha ndugu yako kwenye gazeti, amevaa soksi ndefu moja, nikauzungusha kalamu mguu, na ndio ule mchoro uliokwenda nao dukani.

Zikafika. Zilimkaa vizuri kabisa. Alitembea nazo sebuleni, akifika kwenye zulia anarudi, na Mama ametandika magazeti ili zisishike vumbi. Kisha akazifuta na kuziweka kwenye kabati la vioo la Mama, pale kwenye vikombe vyenye maua ambavyo hakuna mtu amewahi kunywea, na Mama akazifunika kitambaa chake cha kufuma. Nikafikiri ni kwa siku hiyo tu.

Mulamwa, wifi yangu, zilikaa humo kuanzia Pasaka hadi Agosti. Wageni walionyeshwa. Pasta alionyeshwa. Wanawake wa chama walifunuliwa kitambaa wakasema ai, ai, ai. Na mwenyewe kila Jumamosi alivuta gambuti zake, zilezile, akaenda kwa Kemboi kukimbia na kile kifundo chenye vyuma. Nikimuuliza ananiambia anazihifadhi kwa siku ya mashindano. Kemboi mwenyewe alimwambia buti mpya ni ngumu, lazima uzivae mpaka zilainike, la sivyo siku hiyo hutaisikia breki wala gia. Alijibu ndiyo, ndiyo, akarudi kwa gambuti.

Na wewe, dada, nisamehe lakini nitasema, wewe ulikuwa unapiga simu kila Jumapili na neno lako la mwisho lilikuwa lilelile: "Zitunze hizo buti." Yeye anaitikia kama mtoto wa shule. Mimi nimekaa hapo na kisu na sukumawiki mkononi nasikia, natamani kukunyang'anya simu kutoka huku.

Asubuhi moja nikachoka. Nilifungua kabati Mama akiwa kanisani, nikavaa soksi juu ya soksi, nikatia miguu yangu kwenye zile buti, nikaenda kukamua. Nilizipiga matope yote ya zizi. Nilichuchumaa nazo, nikainuka, nikazikunja kwa nguvu zangu zote. Nilisema leo zitaingia uchafu, na zikishaingia uchafu hatakuwa na la kuhifadhi.

Wakoli akanikuta humo zizini. Nilijitayarisha kwa ugomvi, kwa kweli niliutaka. Hakunigombeza. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akazitazama, kisha akaniambia kitu ambacho wewe unakijua na mimi sikukijua, ingawa nimezaa naye. Kwamba shuleni alivaa viatu vyako vya zamani, vile vya msichana vya mkanda, kwa sababu ulikuwa umekwenda sekondari na Mama hakuwa na uwezo wa vingine. Kwamba wavulana walimwimbia njia nzima. Kwamba baada ya vyako kulikuja vya Khaemba, na vya mitumba, na gambuti ya marehemu baba yenu, na kila kiatu alichowahi kuvaa kilikuwa na vidole vya mtu mwingine vimechorwa ndani. "Hizi," akasema, "nilisikia ndani ni laini tu. Hakukuwa na mtu."

Nililia, dada. Nililia nikiwa nimezivaa, na ng'ombe anapiga teke ndoo. Nikataka kuzivua akanizuia, akapiga magoti akanifungulia vifungo mwenyewe, akazivaa na matope yangu. Akasema, "Basi. Sasa ni kama viatu vyangu vyote." Sikujua kama ni hasira au ni mzaha, na hata leo sijui. Lakini tangu siku hiyo alizivaa kwa Kemboi kila Jumamosi na zikalainika.

Kwa hivyo nilidhani yamekwisha. Kumbe.

Umeona picha za mashindano ya Bungoma ambazo Ivy alituma kwenye kundi la familia. Picha hazikuonyesha kilichotokea. Kwenye kona ya pili gurudumu la mbele liliteleza, akaanguka upande wa kushoto, na aliyekuwa nyuma yake hakuwa na pa kupita. Alipita juu ya mguu. Mimi nilikuwa kwenye kamba ya watazamaji na Tabby, niliona gurudumu likipanda na kushuka. Nilijua ni kile kifundo.

Akasimama. Ndugu yako akasimama, akainua pikipiki, akamaliza. Aliporudi, kifungo kimoja cha buti kilikuwa kimeng'oka, na ubao wa mbele umechanika kutoka goti mpaka chini. Nilimvua pale pale kwenye nyasi, watu wote wakitazama. Ngozi nyekundu tu, na alama ya bluu ndogo kuliko kiganja changu. Niliushika ule mguu nikausogeza huku na huku mpaka akaniambia niwache, ati anaona aibu.

Jioni hiyo, dada, Ivy akatuma picha ya ile buti iliyochanika, na wewe ukaandika: "Yaani umeshaziharibu? Na nilikwambia uzitunze." Ukaweka nyuso za kucheka, niliziona. Yeye hakuona nyuso. Aliona maneno.

Tulipofika nyumbani aliziosha kwa mswaki. Alikitafuta kile kifungo kwenye begi akakifunga kwenye karatasi. Akazirudisha kabatini, Mama akaleta kitambaa akazifunika. Jana ilikuwa Jumamosi. Alikwenda kwa Kemboi na gambuti.

Mimi nimeongea mpaka nimekauka. Nimemwambia ulikuwa unatania, anasema anajua. Nimemwambia Mama atoe kile kitambaa, anasema buti ikishaumia inapaswa kupumzika, kama ng'ombe. Muigai anajua fundi Kitale anayeweza kushona ubao na kuweka kifungo kingine, lakini ndugu yako hataki zitoke nyumbani. Kuna mashindano mengine kabla ya Krismasi, hapa hapa, na nimechoka kusimama kwenye kamba nikihesabu kona.

Sitaki umtumie nyingine. Nakuomba sana usitume, zitaingia kabati lilelile. Wala usimpigie kumgombeza, maana akigombezwa ananyamaza, unamjua. Nataka kitu kimoja tu, na hakuna mwingine anayeweza kukifanya, kwa sababu wewe ndiye uliyempa viatu vya kwanza na hivi vya mwisho. Mpigie umwambie aziharibu. Useme hivyo hivyo, kwa neno hilo. Mwambie ulizinunua ziharibike, ziraruke, ziishe kabisa, na kwamba ukija likizo ukazikuta zinang'aa utakasirika. Wewe akikusikia atasikia.

Mama anakusalimu, na anauliza kama mto aliokufumia ulifika. Khaemba na watu wote wa Bungoma wanasema wanakungoja Desemba. Muigai anakusalimu pia. Tabby anasema umletee jino, nimemwambia meno hayaletwi na ndege lakini hanisikii. Ukimwona Ivy amekonda, mpe chakula bila kumwuliza, ana haya.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Usiogope, siagizi kitu. Leo baada ya chakula Wakoli amelala kwenye kochi na miguu ikining'inia, nami nikaweka gazeti kwenye kitabu chini ya mguu wa kushoto, nikauzungusha kalamu polepole asiamke. Uweke juu ya ule mchoro wa kwanza, kama bado unao, kisha ndipo umpigie. Utaona ni mguu uleule, haujapinda popote.

Mungu akulinde huko wodini na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mke wa ndugu yako, nikupendaye hata leo nikiwa na hasira,

Kabura