Mji Juu ya Mlango wa Zamani

Jericho, Nairobi
Jumamosi, saa nane mchana

Kwako Dada Kamene,

Kabla hata sijakusalimu, wacha nikuambie Ndanu amefanya nini sasa hivi. Amechukua kiatu changu kimoja, akakijaza maji ya kuoshea vyombo, akakibeba kwa mikono miwili bila kumwaga hata tone, mpaka kwa kuku wa jirani, akamwambia, "Kunywa, usikatae." Kuku akakimbia. Sasa ameketi chini analia, na si kiatu anachokililia, analia kwa vile kuku amekataa. Nimempa kifuniko cha sufuria apigepige, ndiyo nipate kuandika.

Haya, sasa salamu. Uhali gani, dada yangu? Mgongo umeacha kukusumbua? Mama anakula vizuri ama bado anaficha chakula chini ya sahani akisema ameshiba? Na mvua, imefika huko ama ni mawingu tu yanapita? Mimi mdogo wako Mbinya ni mzima wa mwili. Ndanu umeshasikia habari zake. Baba Ndanu naye, ukikutana naye barabarani utasema ni mzima.

Najua utashangaa kuona karatasi siku hizi. Simu siwezi. Yangu iliingia maji ya nguo, tunatumia ya Baba Ndanu, na chumba ni kimoja kama unavyokijua, na sauti yangu unaijua, hata nikinong'ona inafika sokoni. Kwa hivyo nimeketi hapa nje mlangoni, na Mama Wathome wa nyumba ya tatu anasafiri kuja huko kwenu Wote kesho alfajiri, atakuletea mkononi. Vumilia mwandiko. Unajua niliachia darasa la saba.

Wewe ulitutembelea mara ya mwisho wakati mume wangu Maingi alikuwa bado amefungwa bendeji. Unakumbuka alikuwa anachonga shingo ya twiga kule karakana ya wachongaji, tezo ikapiga fundo la mti, ikateleza, ikamkata kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulipoondoka walimfungua. Mkono wa kulia ukatoka mwembamba kama si wake. Kidole gumba kikawa kinaangalia tu, hakishiki kitu. Daktari wa mazoezi akamwambia hicho kidole kimesahau kazi, kifundishwe upya kama mtoto. Abane pegi za nguo, akande unga wa chapati, abonyeze vitu vidogo vidogo kila siku.

Sasa Ndanu alikuwa na mkebe wa vitofali vya plastiki, vile vya kushikanishwa kimoja juu ya kingine, nilimchagulia kwa lundo la vitu vya mtumba hapa sokoni Jericho. Mtoto mwenyewe alikuwa anavitafuna tu. Baba yake ndiye alianza kuvibonyeza. Mwanzoni kitofali kimoja kilimchukua dakika nzima na jasho. Halafu siku moja kikalia kap, kikashika. Dada, yule mtu alinitazama kama amepata mtoto wa pili.

Basi hapo ndipo mji ulipoanzia. Aliokota mlango wa mbao uliotupwa, akaulaza juu ya kreti nne za soda, ukachukua nusu ya chumba, sisi tunalala miguu imeingia chini yake. Akaanza nyumba moja, ikawa mtaa, ukawa mji mzima, na mji wenyewe ni wa theluji! Kwenye mitumba vitofali vingi vilikuja vyeupe, akasema nyeupe ni theluji basi. Anatazama picha kwa simu, anajenga. Kuna kanisa lenye mnara, kuna nyumba zenye bomba la moshi, kuna daraja juu ya mto ulioganda. Nilimuuliza kwa nini asijenge kwetu, ajenge Machakos hata. Akacheka. Akasema, "Miaka kumi na moja nimechonga simba wapelekwe kwao Ulaya, na mimi simba sijamwona hata siku moja. Wacha sasa nijenge kwao, na theluji pia sijaiona."

Watoto wa ploti wanaamini hiyo theluji ni unga. Mama Jannat, yule jirani yangu Zaitun anayeuza mahamri, mwenye kuku, kila akija kuomba chumvi lazima aseme neno. Siku moja alisimama pale, mkono kiunoni, akasema, "Maingi, mwanangu, mji mzima hauna jua, hao watu wako wataanika nguo wapi?" Kesho yake akakuta Maingi amefunga uzi kati ya kanisa na nyumba ya kasisi, na vipande vya leso vimening'inia juu ya theluji. Zaitun alicheka mpaka akakalia kitanda.

Usidhani ni utoto. Hata mimi nilidhani hivyo, nikaona haya watu wakipita dirishani. Lakini kumbe kuna watu wazima wengi hapa Nairobi wanajenga hivi, wana grupu yao, wanakutana ukumbi fulani Buruburu kila Jumapili ya mwisho. Kuna mwalimu, kuna dereva wa lori, kuna mama mmoja mwenye maneno mengi anaitwa Khavere, karani wa stoo. Maingi akaenda na picha. Wakamwita fundi. Dada, tangu ajali hakuna mtu alikuwa amemwita fundi. Huyo Khavere alipenda ule mji hata akampa mfuko wake mwenyewe wa vitofali vyeupe, zaidi ya mia mbili, alivyokuwa ameweka miaka, akamwambia mji hauwezi kukosa stesheni ya treni, ajenge stesheni yenye paa kubwa.

Hapo sasa sikiliza vizuri. Kule karakana kila mchongaji ana gogo lake la kukalia, na mwenye gogo asipokuwepo hakuna anayelikalia. Nzau, msimamizi wao, amelinda gogo la Maingi miezi minane. Wengine wameliomba, amekataa. Lakini alimwambia ukweli, kwamba barua ya hospitali yeye hasomi, arudi siku kidole kitamtii. Maingi akajiwekea mtihani. Akasema akilimaliza lile paa la stesheni kwa mkono wa kulia peke yake, mwanzo hadi mwisho, lishike, Jumatatu itakayofuata anabeba tezo anarudi kazini. Alimwambia Nzau, alimwambia Zaitun, alimwambia hata Ndanu.

Paa halishiki.

Amelijenga mara nne sasa. Linafika katikati, linalegea, vitofali vinateleza kimoja baada ya kingine kama meno ya mzee. Mara ya kwanza alicheka, akasema ni uchovu. Mara ya pili akarudi kwenye mazoezi, akawa anabana pegi mpaka kidole kinavimba. Zaitun, hajui kitu, akamtania, "Wewe si unakaa Jericho? Kuta za Jericho zikianguka unashangaa nini?" Zamani angemjibu. Alitoka nje tu. Mara ya tatu nilimkuta ameushika ule mkono kwa mkono wa kushoto, anauangalia, ananiambia polepole kwamba nguvu zimerudi nyuma, kwamba daktari alimwonya kano zilizoshonwa huweza kulegea tena, na kwamba hizo ndizo zimelegea. Jumatano ikawa mara ya nne. Alilala ameelekea ukuta na viatu miguuni.

Jana akampigia Nzau. Akamwambia gogo ampe mtu mwingine. Nzau alikataa kujibu kwa simu, akasema atapitia hapa leo saa kumi na moja jioni asikie kwa mdomo wake, na akisikia hivyo basi atalipeana, kwa sababu hawezi kulilinda tena. Maingi anasema ataenda kupanga foleni kwa geti za viwanda na watu wa Mukuru kwa Reuben, huko kazi ni kusukuma tu, hakuna anayekagua kidole.

Sasa ni saa nane na nusu.

Dada Kamene, ni mimi.

Ule mfuko wa Khavere ulipofika, Maingi alisema nisiuguse, atavipangusa mwenyewe kimoja kimoja na kitambaa. Lakini vilikuwa na vumbi na harufu ya panya, na Ndanu ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuhara wiki nzima, na unajua kila kitu kwake ni mdomoni. Sisi nguo ya mtumba mtoto havai kabla haijapita maji ya moto, ndivyo mama alitufundisha, ndivyo Zaitun hufanya, ndivyo kila mtu hapa hufanya. Kwa hivyo siku Maingi alipoenda kliniki nilibandika sufuria kubwa, nikatia sabuni ya unga, nikavimimina vyote, nikavichemsha kama chupa za maziwa. Nikaviepua, nikavianika kwa leso. Nilifurahi, hata. Viling'aa. Aliporudi nilimwambia nimevisuuza tu na maji baridi. Uongo mdogo, ili asinigombeze.

Kwa macho havina tofauti. Lakini Jumapili iliyopita alipoenda kanisani nilibaki na mtoto, nikachukua vitofali viwili vya ule mfuko nikabonyeza. Vikacheza. Nikaviweka sakafuni nikabonyeza kwa kisigino, na mimi nina kilo sabini. Nikainua, vikaachana. Nikachukua viwili vya zamani vya Ndanu, vya bluu, vilivyotafunwa mpaka vina alama za meno, vikalia kap vikashika hata kuvitoa ni shida. Niliketi pale chini nikasikia joto limenipanda hadi masikioni. Moto wangu ndio uliovipinda, dada, kidogo tu, kiasi cha kuvunja mtu.

Utaniuliza kwa nini sijasema. Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili niliogopa kwa sababu sikusema siku ya kwanza. Halafu alipouchukia ule mkono, nikaona sasa nikisema, ataniuliza ulikuwa wapi wakati nabana pegi usiku na mchana. Na ataniuliza. Nilijaribu kurekebisha kimyakimya. Nimepekua lile lundo la sokoni siku tatu mfululizo, muuzaji akaniuliza kama nimepoteza pete. Nimepata vyeupe kumi na kimoja, vingine Maingi alishavimaliza kujengea mji. Stesheni inataka mia mbili.

Na mkono umepona, hilo ndilo linaloniua. Jana asubuhi Ndanu alimkimbilia vifungo vya gauni vikiwa wazi nyuma, na Maingi akavifunga vyote vitatu, vile vidogo kabisa, kwa mkono wa kulia, huku anaangalia dirishani. Mwenyewe hakujua amefunga. Nilisimama na mwiko mkononi, halafu nikageuka nikarudi kukoroga sufuria.

Nilikuwa nimepanga barua hii nikuombe unishauri. Lakini barua itakufikia kesho na Nzau anakuja leo, kwa hivyo sijui nakuandikia nini. Labda nilitaka tu mtu mmoja ajue. Labda ukisoma utakuta tayari nimesema, na amenisamehe, na tunacheka. Mimi bado naona inawezekana. Maingi si mtu wa kuweka kitu moyoni, na ana kile kicheko chake. Nikimaliza ukurasa huu nitaingia ndani, nitapiga magoti kando ya ule mlango, niseme, "Baba Ndanu, nilichemsha vitofali." Maneno mawili tu baada ya jina lake. Nimeyarudia tangu asubuhi nikiosha vyombo, na kila nikifika kwenye lile la pili naanza kuosha sahani niliyoiosha.

Usimwambie Mama kwa sasa. Atapanda gari aje, na hatuna pa kumlaza.

Nisalimie basi. Mama mpe mikono yangu yote miwili, umwambie mtoto ameota magego mawili na anayatumia vibaya. Shemeji Mutie mwambie asante kwa maharagwe, hata moja halikuwa na wadudu. Watoto wako wabusu kwa zamu, na yule mdogo anayenuna mbusu wa kwanza. Na wewe mwenyewe, dada, ukiinama kuteka maji...

Dada, ananiita. Anagonga ule mlango kwa ngumi, pole pole. Ameanza tena, mara ya tano. Anasema, "Mama Ndanu, wacha hiyo kalamu kidogo, kuja unisaidie. Mkono wako ni mzima. Bonyeza hapa wewe, kwa nguvu zako zote. Kikishika kwako, basi ni mimi nimeharibika, nimwambie Nzau bila kusita. Na kisiposhika hata kwako, basi si mkono...