Mhadhara wa Mjomba Alamin

Nairobi, 14 Februari 1998

Mjomba wangu Alamin, shikamoo.

Natumai barua hii itakukuta na afya, na kwamba lile daraja lililobebwa na mvua limerudishwa. Mama anaendeleaje na mguu? Mimi sijambo, Alhamdulillahi.

Chama chetu cha wanafunzi wa hisabati kimenichagua kuwa katibu. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi tunaandaa mhadhara kwa watu wa kawaida: makarani, wenye maduka, yeyote apendaye hesabu. Mwezi uliopita mhadhiri alieleza kwamba wakikusanyika watu ishirini na watatu, yaelekea wawili wao wamezaliwa tarehe moja. Watu walibishana mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi. Nilikukumbuka wewe, uliyetufundisha darasa la sita kwa kamba na vijiti mchangani. Mwenyekiti wetu, Musyoki, anatafuta wasemaji wasiotoka chuoni.

Mpwa wako,
Mwanaima

Msambweni, 9 Machi 1998

Mpwa wangu Mwanaima,

Marahaba, mwanangu. Mguu wa mamako umepoa, ila anauliza mbona yeye humwandikii. Mwandikie.

Pale ulipotaja wasemaji wasiotoka chuoni, niliirudia barua mara tatu. Kuna jambo sijamwambia mtu ila Mwalimu Randu, niliyefundisha naye. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikitafuta namna ya kugawa pembe yoyote sehemu tatu sawa kwa bikari na rula isiyo na alama, bila kupima digrii. Kuigawa mara mbili kila mtoto anajua. Mara tatu, vitabu vyote nilivyofundishia vilinyamaza, nikaona huenda ni kazi niliyoachiwa mimi. Ramadhani iliyopita niliipata. Mchoro nimeutia humu.

Niombee nafasi. Sina haja ya sifa, nataka tu wenye elimu waitazame.

Mjomba wako,
Alamin Boga

Nairobi, 2 Aprili 1998

Mjomba, shikamoo.

Nashukuru kusikia mnaendelea vyema. Mama nimemwandikia.

Musyoki amefurahi. Amekuweka Alhamisi tarehe 28 Mei, saa kumi alasiri, na tangazo limekwisha kubandikwa. Mchoro wako nilimwonyesha mhadhiri wetu, Dakta Ndulu. Aliutazama kwa muda mrefu, akasema jambo ambalo sijui niliandike vipi. Tutazungumza ukifika. Unisamehe kwa barua fupi, mitihani imetubana.

Mpwa wako,
Mwanaima

Msambweni, 11 Juni 1998

Mpwa wangu,

Hujambo? Homa imekuachia? Rafiki yako Hannah ndiye aliyenipokea, akanambia umelala na malaria na hutakiwi kuamka.

Nakusimulia kwa kuwa hukuwapo. Watu walikuwa kama arubaini. Nilianza na pembe ndogo, ikakaa vizuri, wakapiga makofi. Kisha Dakta Ndulu akaniomba kwa adabu nichore pembe pana, ijae ubao mzima. Nilipomaliza akanipa kamba nivipime vile vipande kwa mkono wangu. Cha katikati kilizidi kwa upana wa kidole. Nikafuta, nikachora upya. Kikazidi tena. Kumbe karatasini unene wa penseli ulikuwa ukinificha kosa miaka yote.

Nikawaambia, "Nimekosea mahali. Nitarudi nyumbani nikatafute."

Dakta akanijibu taratibu, "Mwalimu, usitafute. Njia hiyo haipo. Imethibitishwa, zaidi ya miaka mia na sitini iliyopita."

Hapo nilichanganyikiwa, na mpaka leo sijatulia. Kutoijua njia, hilo naliona. Lakini mtu atajuaje kwamba haipo, hata kwa wasiozaliwa bado? Kijana mmoja alicheka, wenziwe wakamnyamazisha. Dakta alikaa nami saa nzima, akanipa kurasa sita zenye uthibitisho. Nimeelewa mbili.

Nilipotoka nikaja bwenini kwenu kukujulia hali. Mlinzi hakuniruhusu kupita langoni. Kwenye dirisha la juu nilimwona msichana amejitanda leso kama ile uliyonunuliwa na mamako. Nikampungia mkono, akarudi nyuma. Huenda ni macho yangu. Niandikie.

Mjomba wako,
Alamin

Nairobi, 9 Julai 1998

Mjomba, shikamoo.

Sijui niulize afya yako kwa uso gani. Aliyekuwa dirishani ni mimi. Sikuwa na malaria.

Dakta Ndulu aliniambia mapema kwamba haiwezekani. Nilikuandikia barua nne, nikazichana zote. Niliogopa kukuona ukiaibika mbele ya watu. Niliogopa zaidi wenzangu wajue kwamba wewe ni mjomba wangu, na hili la pili ndilo nisilolisamehe nafsini mwangu. Hannah nilimtuma mimi.

Kuna jingine. Wiki iliyopita nilimwomba Dakta zile kurasa ili nikuandikie maelezo. Nimekwama ukurasa wa tatu. Kumbe nilikuonea aibu kwa uthibitisho ambao mwenyewe siuelewi, niliukubali tu kwa kuwa aliyeusema ni daktari wa hisabati. Wewe angalau ulichora. Sasa sijui hata nilichokuwa nikikionea aibu ni kitu gani.

Likizo inaanza Ijumaa tarehe 24. Naweza kuja kwako?

Mpwa wako,
Mwanaima

Msambweni, 16 Julai 1998

Mwanaima,

Marahaba. Barua yako imeniuma, sitakuficha. Niliisoma mara moja, nikaiweka, sikuigusa siku mbili.

Zile kurasa nazisoma kila asubuhi baada ya chai. Ya tatu imenishinda mimi pia, na Mwalimu Randu anaapa kwamba ya nne imeandikwa kwa makusudi isieleweke. Sijui nikubali au niendelee kuchora. Siku nyingine nafanya yote mawili.

Njoo Ijumaa hiyo. Mamako na jirani yetu Kache niliwaambia ulikuwa na malaria, na wamekuombea dua sana. Utawaeleza ukweli kwa kinywa chako. Nami nitakuwa nimekaa kando yako.

Mjomba wako,
Alamin