Hela za Goti Zimeishia kwa Mbwa

Gongoni,
Tabora.
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Wilbroad,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Habari za Mtwara? Wifi yangu Elieth na mtoto hawajambo? Kile kikohozi chako kimeisha, au bado unakibembeleza kwa maji ya moto? Sisi tu wazima, isipokuwa mimi kichwa kinaniuma, na aliyekiumiza ni baba yako.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningepaza sauti, na mzee yuko chumba cha pili.

Zile hela ulizotuma akatibiwe goti hazipo. Usiniulize daktari kasemaje, hakumwona. Ametibiwa Watasema.

Ndiyo, mbwa! Yule mwekundu aliyempa jina hilo kuwakomoa majirani. Huko porini Sikonge, baba akikagua mizinga yake ya nyuki, Watasema alitumbukia kwenye shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, akateguka nyonga. Baba akambeba begani, na goti lake lile lile, mpaka barabarani. Kondakta wa basi akamkataa mbwa. Mzee akamlipia nauli kama abiria. Nilipofungua mlango niliwakuta wote wawili wanachechemea.

Daktari wa mifugo hapa mjini amezoea ng'ombe. Alicheka kwanza, halafu akambonyezabonyeza, akasema mfupa umechomoka kwenye kiungo. Ikawa sindano ya usingizi, kuurudisha mfupa, bandeji, sindano za maumivu, njoo kesho, njoo tena. Kila nikidhani tumemaliza, mzee anachomoa noti nyingine kwenye soksi. Kwa hela ile, Wilbroad, ungenunua mbuzi na beberu wake!

Sasa mbwa ameamriwa asitembee. Nimemfunga mbele ya nyumba, anabweka kila adhana ikilia, na Mzee Majidi, jirani asiyewahi kunikosea, siku hizi anazungukia njia ya nyuma kwenda msikitini asije akaguswa na mate yake. Naona aibu mpaka basi. Na baba ukimtajia hospitali ya watu, anasema goti ni la uzee, litazoea.

Jana uvumilivu ulinishinda nikamfokea. "Baba, huyu mbwa ana nini hasa hata umpe hela za goti lako?"

Aliendelea kumkuna mbwa masikio. Kisha akasema, "Mama, goti likiuma nitachechemea tu. Lakini bila huyu sirudi nyumbani."

Nilidhani ananitania. Hatanii. Tangu msimu uliopita wa asali baba anapotea. Pori alilotufundisha sisi mti kwa mti, anafika katikati hajui atokee wapi. Humwambia mbwa "twende nyumbani", halafu anamfuata nyuma. Hakumwambia mtu yeyote mpaka jana. Leo asubuhi mbwa akiwa kamba shingoni, mzee alitoka kununua ugoro pale dukani kwenye kona. Alirudishwa na Mzee Majidi, kamshika mkono.

Hasira ninazo bado, ila sijui tena nimkasirikie nani.

Msalimie sana Elieth, na mtoto umbusu kwa niaba yangu. Shangazi Marcelina na Deus wanawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake na akufungulie njia ya huku.

Hela za goti usitume tena. Njoo mwenyewe, Wilbroad, angali akikuona anakuita kwa jina lako.

Dada yako akupendaye hata akiwa amenuna,
Recheli