Leso Njiani Juu ya Ziwa

Baba Moraa,

Salamu kutoka ziwani. Ulisema baba yako hatafika kwa miguu. Amefika.

Basi la abiria alilikataa kabisa. Alitaka njia ya zamani ya mlimani, waliyopita akina mama yake na vikapu vya nafaka ya wimbi kichwani kwenda kubadilisha na vyungu. Alitangulia, nami nikafuata kwa mbali, kwa heshima.

Kule juu mvua ilikuwa imekula njia, ikaacha pengo. Chini ziwa lilikuwa kimya, na Baba akasimama ukingoni. Mkono wake singeushika. Unajua mkamwana hamgusi baba mkwe.

“Turudi, Baba?”

“Sirudi,” akajibu bila kunigeukia.

Nikafungua leso yangu ya kiunoni, nikapenya majanini nikatokea ng'ambo ya pengo, nikamrushia ncha moja. Nikavuta hadi akavuka.

Jioni rafiki yake wa huku ziwani, mwenyeji wetu, alimwekea kichwa cha samaki, sehemu ya mgeni wa heshima. Akasukuma sahani: “Mpe mke wa mwanangu.”

Wabusu watoto. Tutarudi kwa njia ile ile, amesema. Leso yangu hajairudisha. Ameifunga mabegani na joto hili lote.

Wako,
Mama Moraa