Sitakuja Kupanda Masale

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Kifua chako kinaendeleaje na ukungu wa msimu huu? Mimi ni mzima. Baridi ya huku haina adabu, lakini aliyekulia Lushoto halalamiki sana.

Uliuliza hasa nafanya nini huku chuoni. Natengeneza antena. Usifikirie ule waya ulioufunga mtini nyuma ya jiko ili redio ikamate. Hii ni shaba nyembamba kama karatasi, imebandikwa kwenye kibao kinachoenea kiganjani, nami nataka ishike bendi mbili za mawimbi. Ugumu ni kwamba mawimbi marefu hudai shaba kubwa. Kwa hiyo naichonga vijia, umeme uzunguke kona nyingi, kama barabara ya Mombo kupanda Soni. Nikichonga kupita kiasi natupa kibao, naanza upya. Nimetupa vingi.

Mwezi uliopita mzee anayenisimamia aliniita. Akasema bendi moja inatosha, niandike ripoti nifungashe. Nami nikafanya kama mlivyonilea, sikumkatalia mkubwa usoni. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Nimekusikia, mzee." Nyumbani angeelewa, angengoja mjomba aje jioni kumweleza taratibu kwamba kijana hataki. Huku sina mjomba. Kesho yake nikakuta meza yangu kapewa mwingine.

Nikamfuata ofisini. "Hapana, mzee. Sijamaliza."

"Mbona jana hukusema?"

Nikamwomba radhi, nikamwomba na muda. Meza nimerudishiwa, mpaka mwakani.

Unajua kwa nini sikuridhika na bendi moja. Siku mke wa kaka Zakaria aliposhikwa na uchungu, simu ya upepo ya zahanati yetu iliongea na hospitali ya Lushoto tu. Gari la wagonjwa lilikuwa bondeni Mazinde, kwenye bendi nyingine, halikusikia. Shemeji akateremshwa kwa machela, na mtoto hakupona. Nataka zahanati isikike pande zote mbili.

Sasa barua yako. Mara mbili umeniita nije tugawane shamba, masale yapandwe mipakani yawe alama, mbele ya watoto wote. Mara mbili nimejibu, "Nimesikia, Baba." Wewe si mzee wa huku, ulielewa. Ukangoja nimtume mtu.

Simtumi mtu. Sitakuja, Baba. Nikiiacha meza hii sasa, sitarudishiwa tena. Najua hali ya kifua chako, na naogopa nitakaporudi nisikukute. Inaniuma sana. Lakini pandeni masale bila mimi, na fungu langu alilime Zakaria.

Nisalimie kaka na shemeji, na Rebeka, mdogo wangu, aendelee na shule. Mjomba mpe shikamoo yangu. Mwambie safari hii kazi yake nimeifanya mwenyewe, na sasa najua kwa nini hupewa mtu mwingine.

Mwanao,
Hoza